Kazi Nzito

...na vidole viwili tu ndivyo vinavyoshika futi ya kupimia, macho kwenye namba, kiganja kisiguse mwili, ndivyo fundi alivyofunzwa ushonaji, mwanamke hupimwa kwa ncha za vidole na fundi asiyejua hilo ataona cha mtema kuni, na mchana huu, mlango umefungwa, gauni la kufumuliwa limetupwa kitandani, anampima mkewe mwenyewe vivyo hivyo, kifua kwanza, halafu tumbo... tumbo hilo, Mungu wangu, limetoka wapi, juzi tu kiuno hiki kilienea kwenye mkono wake mmoja, na sasa ngozi imefunguka yenyewe, hakuna aliyeiongezea kitambaa, hakuna mshono popote, yeye anayejisifu kwa mishono isiyoonekana! "Unanipima kama mteja," mke anasema, anacheka lakini macho hayacheki, na fundi anajibu, "Tulia, futi itateleza," ah, mjinga, hilo nalo ni jibu? Lakini mkunga si alisema, fundi mwenyewe alikuwapo, amekaa kwenye benchi la kliniki na mkoba wa mkewe mapajani, "Mama asifanye kazi nzito," akaitafuna kazi nzito hiyo njia nzima, maji asichote, ndoo asiinue, na lile jingine la kitandani... lile nalo si kazi? si watu hutoka jasho? kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini kuna swali la kumwuliza mama wa watu mbele ya benchi zima? Basi akajifunga kibwebwe, akawa analala ukingoni akitazama ukuta, anafua, anaosha vyombo, anamkanda mke miguu kisha anaiachia haraka kama pasi ya moto, akijiona mume bora mtaa mzima... "Sema kweli, Fundi," sauti ya mke imeshuka, "nimekuwa mbaya, sivyo?" Mbaya! afadhali sindano kidoleni, "Mkunga alikataza," anasema, "Alikataza nini?" "Si kazi nzito... ile yetu," na mke anageuka na futi yake, mdomo wazi, "Ile? Ile ndiyo kazi nzito? Nilimwuliza mwenyewe, mume wangu, akasema hali yangu ni nzuri, tusiogope, taratibu tu, mtoto yuko salama, nikakusubiri wewe, nikasubiri mpaka nikaona haya kusubiri," na anacheka mpaka machozi yanamtoka, na fundi hajui acheke naye au aingie chini ya kitanda, na hapo futi inaruka, kitu kimeisukuma kutoka ndani, kisigino, kiwiko, nani ajuaye, mtu kamili humo ndani anajinyoosha, na kiganja cha fundi kimeshatua, chote, hakikuomba ruhusa, na joto la tumbo linampanda mpaka kooni, anamtaka mke huyu, anamtaka kuliko siku ya arusi, na anamwogopa kama mtu aliyeingia ibadani na viatu, "Naogopa," anasema, neno limemtoka lenyewe, na mke anaushika mkono ule palepale ulipo, "Mimi je? Naogopa kila siku, kuzaa, kufa, kila kitu, usiku nauambia mgongo wako, na mgongo haujibu," na fundi, miaka yote hii anapima watu, hakuwahi kujua mtu anaweza kuwa na hofu kubwa hivyo huku akitengeneza mtu mwingine, peke yake, shubiri moja tu kutoka kwa mumewe... futi ingali imemzunguka mke, gauni bado halijafumuliwa, na fundi anasogea karibu, karibu zaidi, mpaka tumbo linamgusa, naye anatulia hapo.