Kila Nikivuta, Mama Mkwe Anasogea

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye benchi la dukani, saa sita mchana, mdomoni nina sigara nene ya kahawia, zile za bei chee zenye ladha ya vanila. Sijawahi kuvuta. Nimefukuzwa kazi mara tatu, nimelala stendi, nimepigwa na maisha mpaka maisha yenyewe yakaomba maji ya kunywa. Lakini kuvuta, hapana. Nilimwahidi mama mkwe.

Kiberiti kikajiwasha chenyewe. "Samahani kaka," kikasema, "kazi ni kazi."

"Mara ya kwanza?" sigara ikauliza.

"Ndiyo."

"Masharti mawili. Moshi haumezwi, unauonja tu halafu unauacha uende zake. Na usiniache nizime. Nikizima, na wewe unazima."

"Nazima vipi?"

"Kama taa."

Nikavuta. Tamu, kama keki iliyoungua chini. Moshi ukatoka, ukakaa kando yangu kwenye benchi. "Shikamoo," ukasema.

"Marahaba," nikajibu, nikajiona nimezeeka.

"Safi," sigara ikasema. "Mama mkwe wako ameshafika Mkata."

"Mama yupo kwake Korogwe!"

"Alikuwepo, amekaa zake kwenye kiti. Umevuta, amevutika, na kiti chake. Kwani ulidhani unavuta nini?"

Benchi si benchi tena. Niko kwenye mkeka, siku ya ndoa yangu, nimevaa kanzu ya kuazima. Mama mkwe, Bi Mwanamkuu, ananikazia macho.

"Mbaruku, baba yake Zaituni aliondoka na kifua, kwa tumbaku hiyo hiyo. Miaka miwili nimemkanda mgongo. Mwanangu nakupa, ila niahidi yeye hatakuja kukanda."

"Naahidi, mama."

Sigara iko mdomoni mwangu, na hakuna anayeiona. Inafifia. Mkono wangu wa kulia nao unafifia, unakuwa mweusi kama balbu iliyoungua. Naogopa. Navuta.

Mkono unawaka. Moshi wa pili unaamkia, unakaa.

"Chalinze," sigara inasema. "Wamempitisha mzani wa malori, yeye na kiti. Hajazidisha uzito."

Sasa niko sebuleni kwangu, Morogoro. Zaituni amenipa mgongo, anachambua mchele.

"Mume wangu, nani anapika keki?"

"Jirani."

"Jirani yupi huyo mwenye mambo ya keki?"

Miguu yangu inazima. Navuta tena. Moshi wa tatu unaingia, wanabanana kwenye kochi kama wageni wanaosubiri chai. Nje nasikia miguu ya kiti ikikwaruza lami: krrr, krrr.

"Hodi!" Ni sauti ya Bi Mwanamkuu, uani. "Mbaruku, baba, mbona nasogea na sijainuka? Ninavutwa na nani?"

"Mvuto mmoja tu, yuko ndani," sigara inasema. "Vuta. Nafa."

Kiuno kimezima. Tumbo limezima. Limebaki kifua. Zaituni anaweka ungo chini akafungue mlango, na naiona mikono yake, myeupe kwa vumbi la mchele. Mikono ya kukanda.

Nikafumba mdomo. Sigara ikazima. Nami nikazima.

Nikaamka kumekucha. Nikagusa kifua: kinapanda, kinashuka. Shati langu lilikuwa msumarini, na mfukoni ilikuwemo sigara ya vanila niliyopewa jana na fundi mwenzangu ili nijaribu. Haijatolewa hata kwenye nailoni yake.

Simu ikalia. Mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huko salama? Mimi hapa sielewi. Nimeamka, kiti changu kimelika miguu yote minne. Nikikaa, magoti yanagusa kidevu."

"Pole, mama."

"Halafu kinanukia keki."

Nikaichukua ile sigara, nikaivunja katikati na nailoni yake.

"Nilizima, mama," nikasema.

"Ulizima nini?"

"Taa."