Ubeti wa Ukuta wa Idwal

Luned alikwishakusanya beti mia na mbili za marehemu baba yake, Meurig, na mchapaji alizitaka kesho. Uliobaki ni mmoja, ule ambao Meurig alimtania nao jirani yao Idwal. Wales nzima ilimjua Meurig kwa viti viwili vya kuchongwa alivyoshinda kwenye mashindano ya washairi, lakini beti za majirani hakuziandika. Alizitamka mlangoni mwa mtu au kwenye mnada wa kondoo, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Luned akafunga mkate wa zabibu kavu, akapanda mlima hadi kwa Idwal.

"Huu umeuoka mwenyewe?" Idwal aliuliza, akiubonyeza kwa kidole.

"Mwenyewe, mzee wangu."

"Mama yako alijua kuoka."

Luned akauomba ule ubeti kwa sauti ndogo mno, ikabidi aombe tena.

"Ninao kichwani," Idwal alisema. "Ila hutauchapa bila jibu langu. Nilimjibu palepale, mnadani, watu wote wanasikia. Hakunirudishia neno mpaka anakufa."

Akatamka zote mbili. Meurig alisema ukuta wa Idwal huanguka kila masika, hata kondoo wake wametembea nchi kuliko yeye. Idwal akajibu kuwa ukuta ulikuwa mzima. Waliouvunja ni kondoo wa Meurig, wakitoroka kusomewa mashairi yake. Mistari minne tu, na kila sauti imeshikana na mwenzake kama mawe yaliyopangwa bila udongo.

Luned alicheka hadi chai ikammwagikia. Kisha akaweka kikombe chini. Jibu lilikuwa bora. Kitabu cha kumtukuza baba yake kingemwonyesha akishindwa, tena na mfuga kondoo.

Hapo akaikumbuka siku ile ya mnada. Baba alirudi akicheka peke yake hadi zizini.

"Mzee Idwal, unajua alituambia nini alipofika nyumbani? Alisema, 'Leo nimekutana na mshairi.'"

Idwal akampa mgongo, akashughulika na birika ambalo lilikuwa limejaa tayari.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na mimi miaka yote nikidhani amenuna."

"Jibu lako nitaliweka la mwisho kitabuni," Luned alisema. "Chini yake sitaweka kitu."

Idwal akakata kipande cha mkate, akatafuna kwa muda mrefu.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Mkate ndio mbaya."