Chokaa ya Ukuta wa Kaskazini

Damalie alitaka jambo dogo tu: mwanawe Nuwa abatizwe katika kanisa la kale la mawe lililokuwa jirani na nyumba yake, katika mji wa Upplands Väsby. Kumbe alikuwa ameomba ruhusa ya kuibomoa Uswidi.

Hayo alielezwa na Bwana Hedlund, mwenyekiti wa baraza la parokia, aliyemtembeza yeye na Okech, kiongozi wa kwaya yao ya Wakenya na Waganda, kwa saa nzima. Kuta zilikuwa na miaka mia saba. Mnara uliongezwa baadaye, ukapigwa na radi, ukajengwa, ukapigwa tena. Inaelekea Mungu naye alikuwa na maoni yake kuhusu mnara ule. Dari ya matofali na kuta zote ziliwahi kujaa picha.

"Ziko wapi?" Damalie aliuliza.

"Zilipakwa chokaa. Zilionekana za kishamba."

"Nani alizipaka? Wageni?"

Hedlund akakohoa. "Sisi wenyewe."

Kisha akatangaza kwamba ngoma ni marufuku. Mtikisiko ungeharibu kuta. Kinanda cha kanisa, kilichotikisa watu mpaka meno, hakikuwa na neno. Hicho kilikuwa utamaduni.

"Usijali, dada," Okech akamnong'oneza Damalie. "Tutapiga makofi."

Jumapili moja ya Mei 1984, Nuwa alipokwisha kubatizwa, wakayapiga. Kwenye ubeti wa tatu, kipande cha chokaa kikubwa kama sinia kikabanduka ukuta wa kaskazini, kikapasukia miguuni pa Hedlund. Damalie akamkumbatia mtoto. Amin alimfukuza nchi ya kwanza, Uganda; sasa angefukuzwa ya pili, kwa kosa la makofi.

Lakini Hedlund alikuwa ameukodolea macho ukuta. Pale palipobanduka, shetani mwekundu mwenye pembe alikuwa akiwasaidia wanawake wawili kusukasuka maziwa.

Wiki ile walikuja wataalamu watatu na mpiga picha. Gazeti likaandika kwamba parokia, kwa utunzaji wake makini, imegundua hazina. Kwaya haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Damalie alipitia kanisani jioni moja akitoka kazini, Nuwa mgongoni. Alikuta kamba imezungushwa, na mama mmoja wa parokia akamsihi asisogee karibu, kwani picha ile ilihitaji utulivu.

Akasimama nyuma ya kamba, akamtazama shetani akihangaika na siagi. Angalau yeye alikuwa anawasaidia watu. Damalie akacheka kwa sauti, mama yule akashtuka, na Nuwa akaamka akidai kunyonya.