Vijiti Alivyotafuna Mama

Baba yangu, fundi wa miwani, alikusanya vijiti vya kukorogea chai. Hakutaka vya kila mtu. Alitaka vya mama tu, kwa sababu mama hakuweza kukoroga chai bila kukitafuna kijiti baadaye, na jino lake la mbele lililomeguka liliacha alama yenye pengo. Baba aliitambua alama hiyo kwa kioo chake cha kukuzia, kama karani wa benki anavyotambua saini. Vya plastiki alivikataa. Alisema havishiki meno vizuri.

Kila walipokunywa chai nje, alisubiri mama amalize, akakifunga kijiti katika karatasi laini na kukitia katika mfuko wa shati. Wahudumu walimtazama kwa mashaka. Nyumbani alivipanga katika chupa za vioo: vya mikahawani, vya stesheni, na vya kwa daktari wa meno, ambaye mama aliwahi kutafuna kijiti mbele ya macho yake huku akiahidi kuacha. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Waume wa wenzangu wanaficha wanawake. Wangu anaficha vijiti."

Kijiti cha mwisho kilitoka hospitali. Mama alikoroga chai ambayo hakuinywa, akakitafuna kidogo, kisha yeye mwenyewe akamkabidhi baba. Baba alikiweka juu kabisa katika chupa, akaniita nikione.

Siku ya maziko, waombolezaji walikuwa wengi kuliko vijiko. Shangazi, dada yake baba, aliyesimamia jiko la shule ya bweni hadi alipostaafu, alibaki nyumbani kuandaa chai. Alizikuta chupa kabatini. Alipoona vijiti vimetafunwa, aliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Akavichemsha vyote kwa sabuni, akavigawa pamoja na vikombe.

Tuliporudi kutoka makaburini, baba alikuta sebule nzima inakoroga.

Alichukua sinia, akapita kwa kila mtu akiomba kijiti chake kwa adabu. Watu walivitoa upesi, wakidhani msiba umemzidi. Jirani mmoja mzee alisema sukari yake haijayeyuka bado, na baba akasimama mbele yake akingoja iyeyuke.

Kisha alikaa dirishani na kioo chake. Maji ya moto yalikuwa yamevivimbisha vijiti, na alama zote zilikuwa zimefutika. Kimoja tu kilikuwa na meno. Alikitazama kwa muda mrefu, na mwanamke mmoja aliyefanya kazi ofisi moja na marehemu akakiri kwa aibu kwamba amekitafuna yeye, kwa mawazo.

"Si yeye," baba alisema, akamrudishia.

Vilivyobaki hakutupa hata kimoja, maana kimojawapo kilikuwa kile cha hospitali. Alitandaza taulo kitandani, upande wa mama, akavianika juu yake. Shangazi, ambaye nilikuwa nimemweleza kila kitu, alimfuata akasimama mlangoni.

"Kaka, nisamehe. Mimi niliona vimetafunwa."

"Ndiyo, dada," baba alijibu. "Vilikuwa vimetafunwa."

Akasogea ili ampishe. Shangazi akaketi, akashika ncha ya taulo, wakaanza kuvikausha kimoja kimoja.