Kisima cha Wino

Kila Alhamisi saa kumi alasiri, maafisa wastaafu wa jeshi wa mji wa Cochabamba walikutana ukumbini kwao kubishania uamuzi wa ajabu kuliko yote yaliyowahi kutolewa na wakuu wa nchi na majeshi. Casimira Choque aliwamiminia kahawa. Mumewe, Saturnino, alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akinywa maji. Alikuwa amekufa kwa kiu miaka kumi na miwili nyuma, vitani, katika nyika ya Chaco, na Alhamisi moja alikuwa ameshamaliza ndoo mbili na kuhamia kwenye chombo cha maua.

"Doña Casimira, mzuie mumeo," alisema Don Hermógenes, aliyekuwa daktari wa jeshi. "Juzi kanywa hadi maji niliyolowekea meno."

"Nisamehe, Don Hermógenes. Nitamchotea mengine."

Wafu wa mji ule hurudi nyumbani tarehe mosi Novemba, saa sita mchana, wakakuta meza ya mikate na bilauri ya maji. Kesho yake majirani hupita nyumba kwa nyumba, humwombea kila marehemu kwa jina, hupewa mikate, na saa sita ikigonga marehemu huenda zake. Saturnino alikuja kama wenzake. Lakini jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa kanisa katika orodha ya watoro wa vita, na mtoro haombewi. Hakupita mtu, hata Teodora waliyepakana naye ukuta. Saa sita ikagonga, mikate ikakauka, na Saturnino akabaki na kiu yake. Kifo chake Casimira alikuwa amekilia kikaisha. Kumwona akilamba ndoo kila siku ndiko kulikomkata maini.

Utoro wenyewe ulitokana na ramani. Ilionyesha kisima mahali palipokuwa na mchanga mtupu, na kwa ajili ya kisima hicho Kanali Belisario aliwaamuru askari sabini wapalinde, wasibanduke hata hatua moja. Hawakubanduka, wakafa kwa kiu, Saturnino akiwa mmoja wao. Baadaye wakubwa wakaamua kwamba penye kisima mtu hawezi kufa kwa kiu, basi hao sabini walikuwa wametoroka. Sasa Kanali ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wastaafu hao, na barua yake moja ingetosha kuwafuta kwenye orodha. Casimira alimwomba kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwa upole kwamba chama hakiandikii barua jambo ambalo hakijalijadili.

Alhamisi hiyo, wiki mbili kabla ya Novemba, alivua aproni yake akasimama mbele yao. Wazee walikuwa wanavunjika mbavu.

"Mfalme mzima kaamuru bahari ichapwe viboko!"

"Hiyo ndogo! Kuna serikali ilipeleka bunduki za rashasha kupigana na ndege wa porini, na ndege wakashinda."

"Na mimi ninao mmoja," alisema Casimira.

"Haya, Doña, tuchekeshe."

Akawaeleza habari ya kisima tangu mwanzo. Hakulia, kwa maana alikuwa amejizoeza jikoni mwezi mzima.

"Nani alikichora?" aliuliza Don Hermógenes.

"Mimi," alisema Kanali. "Lilikuwa tone la wino. Kalamu ilivuja."

"Ukajua lini?"

"Siku ya pili. Lakini amri nilikuwa nimeshaitia saini."

Don Hermógenes alipiga meza. "Basi tumepata! Mfalme na bahari yake wakae pembeni!"

Mikono yote ikanyooshwa. Kanuni za chama zilisema kikombe cha fedha apewe aliyetoa uamuzi ulioshinda, hivyo akapewa Kanali. Machozi yalimlengalenga, kwani hakuwahi kushinda kitu, vitani wala ukumbini.

"Na barua, Kanali?" aliuliza Casimira. "Si mmeshajadili?"

"Tumejadili, mama, tena vizuri sana. Lakini sisi hapa tunapima ajabu tu. Makosa ni kazi ya wizara. Na wizara itaitazama ramani, na ramani ina kisima."

Wenzake walimpigia makofi. Casimira alivaa tena aproni yake. Kisha akaanza kukusanya vikombe. Kile cha fedha kilikuwa mikononi mwa Saturnino, ambaye alikuwa ameshakijaza na kukinywa mara nne.

Novemba ilipofika Casimira alioka tena mikate, akaipanga mezani, akaacha mlango wazi. Tarehe mbili, majirani waliingia kwa Teodora, wakaomba kwa sauti, wakatoka na mikate yao, wakaupita mlango wa Casimira, wakavuka barabara. Kengele ya kanisa ikagonga saa sita.

"Casi," alisema Saturnino, "lakini si tulishinda?"

"Tulishinda, baba," alisema Casimira, akachukua ndoo, akaenda bombani.