Meneja Anyonyoka Manyoya

Kwa magari, fundi hakuwa mtu wa kubabaishwa. Ukimletea gari linalokohoa, alifumba macho, akasikiliza, kisha akakutajia ugonjwa wake bila kushika spana. Na ole wako ufungue boneti kabla yeye hajasikiliza! Ungesemwa mpaka ujute kuzaliwa.

Basi mbwa wake aliponyonyoka manyoya, fundi huyohuyo hakusikiliza chochote. Alichota oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa gari likifanyiwa sevisi, akampaka mbwa mwili mzima. Kwa watu wa gereji oili ni dawa ya kila kitu, kuanzia bawaba hadi ukurutu, na ukibisha wanakuona hamnazo.

Mbwa mwenyewe aliitwa Meneja, kwa kuwa kutwa alilala mlangoni pa gereji akiwatazama wenzake wakifanya kazi. Alikuwa mbwa wa marehemu baba yake fundi. Mzee alipofariki, mama alihamia kwa mwanawe, akaja na mabegi yake na huyo Meneja. Ukimsikia mama anaongea uani, usidhani yuko peke yake. Anamsimulia mbwa.

Oili haikufua dafu. Mbavu zilibaki uchi, mkia ukawa kama waya, na sasa ngozi ikaiva nyekundu. Mke wa fundi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akashikilia lake: ama mbwa aondoke, ama aondoke yeye na mtoto wake. Na usimlaumu, ngozi ya kichanga si ya kuchezea. Fundi akakata shauri.

"Mama, nampeleka Meneja kutibiwa," alisema, macho yake yakiwa ukutani. Uongo mtupu. Alikuwa anampeleka akachomwe ile sindano ya kumaliza mambo. Mama alimpapasa mbwa masikio, akaingia chumbani kwake.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi, koti lake jeupe limejaa nyayo za kila mnyama wa mtaa.

"Daktari, huyu ana ukurutu sugu," fundi alisema. "Mmalize tu, asiendelee kuteseka."

"Nani kasema ni ukurutu?"

"Si anaonekana?"

"Mimi naona mbwa hana manyoya. Sababu bado sijaiona." Akachuchumaa sakafuni, akampa Meneja mkono aunuse. "Wewe fundi magari, eti? Mbwa wako ananukia gereji. Haya niambie, kabla hujampaka hiyo oili, alikuwa anajikuna?"

"Nadhani."

"Gari nalo unalitengeneza kwa kudhani?"

Swali lilimwingia fundi. Akafumba macho kama afanyavyo kazini, akamkumbuka mbwa wake vizuri, akaanza kuyataja. Hapana, hakuwa anajikuna. Chakula ni kilekile, lakini amenenepa. Zamani hakuna pikipiki iliyopita bila kufukuzwa. Siku hizi zinapita, naye anazitazama tu. Jua likiwaka watu wakakimbilia kivulini, yeye ndiyo kwanza analifuata.

"Ala! Kumbe unayajua yote," daktari alisema.

Akaanza kazi, na fundi akasahau kilichomleta. Daktari alimchana mbwa juu ya karatasi iliyoloweshwa, akaikagua: uchafu wa viroboto ungeacha madoa mekundu, na hapakuwa na doa jekundu hata moja. Akakwangua ngozi taratibu kwa wembe, sehemu hii na ile, akang'oa vinywele kidogo, akaviweka kwenye darubini. Hakubahatisha, hakuruka hatua, wala mkono wake haukuharakisha. Akamwita fundi naye achungulie.

"Unaona wadudu? Hata mimi sioni, na ukurutu ungemfanya ajikune usiku kucha. Fangasi nayo mara nyingi hutoa mabaka ya duara. Huyu kanyonyoka pande mbili sawasawa, kanenepa, kapoa, anatafuta joto. Nashuku tezi ya shingoni, ile inayouendesha mwili, imezembea. Nitachukua damu nithibitishe. Ikiwa ndiyo, atameza kidonge kila siku maisha yake yote, na manyoya yatarudi polepole."

"Na mtoto nyumbani?"

"Tezi haimwambukizi mtu. Ila hiyo oili yako imemchoma ngozi, na kila alipojilamba aliinywa. Hiyo ndiyo ingemuua. Kunja mikono ya shati, tumwogeshe."

Walimwosha pamoja. Fundi aliona haya, sana tu, lakini juu ya haya alisikia raha, ile raha ya fundi anapomwona fundi mwenzake anaijua kazi. Njia nzima alikuwa akimsifu yule daktari kwa mbwa.

Nyumbani alimkuta mama kizingitini, kajifunga kilemba chake. Alipomwona Meneja akishuka garini, akakaa chini papo hapo.

"Umerudi naye," alisema. "Nilijua ulikompeleka, mwanangu."

Fundi akapiga magoti, akamweleza yote: manyoya, unene, uvivu, lile jua, tezi, na maswali ya daktari, moja baada ya jingine. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kilemba. Nywele zilikuwa zimebaki chache, kichwa kinaonekana.

"Mimi nami ndivyo nilivyo," alisema. "Nachoka, nasikia baridi mchana kweupe. Nikaficha. Nilitaka kwanza nione Meneja mtamfanya nini."

Fundi alilia, mikono yake ingali ikinukia sabuni ya mbwa. "Kesho tunakwenda hospitali, mama. Wewe na mimi."

"Kwa yule daktari?"

"Yule ni wa wanyama, mama."

"Nipeleke hukohuko," mama alisema. "Yule anauliza kwanza."