Mafundo Manne

Mwanamke nisiyemjua aliingia ofisini kwetu bila hodi, akapapasa kiti, akakaa. Mimi nilikuwa na kitambaa mkononi nikifuta mlango, maana mtu alikuwa ameandika tena kwa makaa: CHAMA CHA UCHI. Hilo ndilo jibu ambalo mtaa wa Timbwani ulikipa Chama cha Hiari mwaka ule wa 1994. Ilani yetu nilikuwa nimeihifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma ya Kurani utotoni: serikali isiingie moyoni mwa mtu, kila mmoja aseme, aabudu na achague apendavyo. Majirani walishika neno "apendavyo" tu, wakaongeza yao: avae au asivae.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba yangu ingoje. Nyinyi ndio watu wa uhuru?"

"Ndio sisi."

"Waongo nyinyi."

Alijitaja kuwa Mwanatabu, mshona kofia wa Mtongwe. Mboni zake zilikuwa zimefunikwa ukungu mweupe. Kofia hula macho, alisema. Wenzake kumi na watano aliowahi kukaa nao jamvi moja walikuwa hivyo hivyo, na wote bado walishona, kwa vidole.

"Themanini na nane mlitupanga mlolongo kama mbuzi wa mnada, kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake, dunia nzima ikitazama."

"Si sisi, Bi. Chama chetu hakikuwapo."

"Tisini na mbili je? Hamkuwapo? Mlipita na vipaza sauti: kura siri, kura siri! Mimi nikaenda. Naambiwa asiyeona ataje jina, msimamizi amtilie alama. Mawakala wa vyama wamekaa pale, shingo zimewatoka. Nikataja. Sijafika nyumbani, jina limeshatangulia. Nikamkuta mkwe wangu kafunga mizigo, kamwacha binti yangu na mimba ya miezi sita, ati hali chakula cha nyumba ya wasaliti. Na wakala wenu alikuwa hapo hapo. Alisikia kama wengine, akasema kama wengine."

Nilisoma siasa chuo kikuu miaka mitatu, na siku hata moja sikujiuliza asiyeona hupigaje kura.

"Sasa kuna uchaguzi mdogo, mwataka diwani," akasema. "Binti yangu kaposwa tena. Sitataja jina la mtu mbele ya watu, na kura siachi. Nipe kipimo."

Akatoa uzi mnene wa kofia ndani ya buibui lake. Kofia nzima, alinieleza, huenda kwa kipimo. Akipewa uzi wenye mafundo, kidole chake hakikosei. Nikachukua mfano wa karatasi ya kura, uliokuwa na ukubwa ule ule wa karatasi halisi. Wagombea walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na kisanduku chake, kimoja chini ya kingine. Ncha ya uzi ikiwekwa kwenye ukingo wa juu wa karatasi, kila fundo lingeangukia kisanduku kimoja. Nilikwenda kumuuliza msimamizi wa uchaguzi. Alicheka sana, kisha akasema mtu akiweza kutia alama mwenyewe halazimiki kumwambia yeyote.

Niliporudi, Bi Mwanatabu alikuwa hajaondoka kitini. Nikampa jibu.

"Sisi kumi na sita," akasema. "Nifungie nyuzi kumi na sita. Lakini niahidi, utafunga mafundo yote manne na utatusomea majina yote manne. Hutatusukuma."

"Nakuahidi, Bi."

"Haya. Marahaba," akasema, akatoka.

Nilikuwa kwenye uzi wa saba Mwalimu Lewa alipoingia. Lewa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu wa tawi na mgombea wetu. Mwaka wa mlolongo alisimama kuwania udiwani. Watu nyuma ya picha yake walizunguka uwanja mzima wa shule, wa mpinzani wake hawakufika hata lango la shule. Jioni akatangazwa kashindwa. Alipolalamika akafukuzwa ualimu. Tawi hili alilianzisha kwa pesa za minazi aliyoiuza kwao Kaloleni, na mimi alinitoa kwenye kusugua lami na bahasha ya vyeti nikitafuta kazi, akanipa kiti cha karani. Nilimpenda kama baba.

Nikamweleza. Akaushika uzi mmoja, uso ukamchangamka.

"Akili hiyo! Tisini na mbili nilishindwa kwa kura tisa, Abdillahi. Tisa! Na hapa una kumi na sita." Akaanza kufungua fundo la kwanza kwa kucha. "Acha moja tu. La pili. Langu."

"Niliahidi manne, Mwalimu."

"Vikongwe hawataona."

"Ndiyo maana."

Akaniangalia kama aliyeniona leo. "Wewe wadhani wale wenzetu wa chama tawala watawafungia mafundo manne? Watawapa unga na leso. Hiari itakuja tukishinda, bwana mdogo. Kwanza tushinde."

"Na waliokuibia themanini na nane, wao walisemaje?"

Nilijuta kabla sijamaliza. Aliinua mkono, nikadhani atanipiga, lakini akaunyosha mbele yangu, kiganja juu.

"Ufunguo."

"Mwalimu..."

"Weka ufunguo wa ofisi hapa. Ukiwapelekea hayo manne, usirudi. Utaula usafi wako."

Niliuweka kiganjani mwake. Nikazoa nyuzi, nikaenda kuzimalizia kwetu Mikindani, juu ya kitanda changu. Mama aliuliza mbona leo nimerudi mapema. Nikaendelea kufunga mafundo.

Asubuhi ya kura nilifika Mtongwe. Wanaume waliokaa kwa muuza kahawa waliniona kwa mbali.

"Muuza uchi huyo! Leo wawauzia hata mabibi zetu?"

"Mwacheni, kachoka, kavaa nguo!"

Wakacheka, mmoja akanirushia kokwa la tende. Nikapita.

Wanawake kumi na sita walikuwa wamekaa ukumbini kwa Bi Mwanatabu, mabuibui yamevaliwa tayari. Nikawagawia nyuzi. Bi Mwanatabu alipitisha kidole chake polepole, akarudia, kisha akachukua wa jirani yake akaupima pia.

"Manne," akawaambia wenzake. "Yako sawa." Akanigeukia. "Lenu lipi?"

"Nitawasomea yote, Bi."

"Soma."

Nikafungua karatasi. Wote wakashika fundo la kwanza.

"La kwanza, Garama. La pili, Lewa. La tatu, Mramba. La nne, Nassor."

Kwa mawazo nilimwona Mwalimu mbele yangu, kiganja chake kimenyooshwa.

"La pili umelivuta," akasema Bi Mwanatabu. "Umelisema kama mtu aombaye. Soma tena."

Nikasoma tena toka juu, na nilipofika kwa Lewa nikampa pumzi ile ile niliyompa Garama, nikapita kwenda kwa Mramba, kisha Nassor.

"Sasa hapo," akasema, akaufunga uzi wake kwenye pindo la kanga na kusimama.